Kutumia Maji ya Ozoni Kuzuia Kuoza kwa Mizizi ya Mboga Zisizopandwa Udongoni: Mwongozo kwa Wakulima wa Malindi

Mwezi wa Machi, pepo za kaskazi zinapolegea na joto la Malindi kufikia kilele chake, mkulima anayepanda mboga bila udongo hukuta jambo linalomtatiza. Letusi ambazo mizizi yake imezama majini usiku na mchana hunyauka saa sita kana kwamba zimekosa maji wiki nzima, hupata nafuu jioni, na kesho yake hunyauka tena mapema zaidi. Siku ya tatu au ya nne haziinuki. Ukiutoa mmea mmoja kwenye tundu lake utaona mizizi imegeuka rangi ya kahawia na inateleza mkononi, na ukiushika mzizi kwa vidole viwili na kuuvuta taratibu, ngozi yake ya nje huvuka yote na kubakia uzi mwembamba wa katikati. Mara nyingi harufu ya kuoza huwa imekwisha kutangulia.

Dalili hiyo ya ngozi kuvuka ndiyo ya kuitegemea kuliko rangi peke yake, kwa sababu mizizi mizima nayo hupakwa rangi na mbolea, hasa ile yenye chuma, ikaonekana kama chai. Mzizi uliopakwa rangi huwa mgumu, haunuki, na ncha zake mpya ni nyeupe. Mzizi unaovuka ngozi karibu kila mara katika joto letu umeshikwa na pithiamu. Wengi humwita kuvu, na kwa sura anafanana na kuvu, lakini ukoo wake uko karibu zaidi na mwani, na ujamaa huo ndio chanzo cha taabu yetu: huzaa spora zenye mikia zinazoogelea majini zikitafuta mzizi wa kuushambulia. Aina iitwayo Pythium aphanidermatum hustawi katika maji ya moto, yaani nyuzi 25 kwenda juu, ambayo ndiyo hali ya kawaida ya tangi lililoachwa juani hapa pwani. Katika shamba ambalo maji yale yale huzunguka kutoka tangini hadi kwenye mabomba ya kupandia na kurudi, mche mmoja mgonjwa hupeleka spora kwa mimea yote kwa njia ya maji inayokunywa pamoja.

Ozoni inaweza kuikata njia hiyo, na mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuitumia. Jambo moja nitalirudia kwa sababu nimeona watu wakipoteza fedha kwa kutolielewa: ozoni husafisha maji. Vimelea vilivyokwisha kuingia ndani ya mzizi haviguswi, na mmea uliooza mizizi hauponi kwa kumwagiwa maji ya ozoni. Anayenunua mashine ya kutengenezea ozoni baada ya shamba kunyauka amechelewa kwa mavuno hayo. Ataitumia kwa yajayo.

Ozoni yenyewe

Oksijeni tunayovuta hewani ina atomu mbili zilizoshikana, na ozoni ina tatu. Atomu ya tatu haikai kwa utulivu. Hutafuta kitu cha kushikana nacho, na ikikutana na ukuta wa spora au wa bakteria huuchoma na kuutoboa. Baada ya kazi hiyo kinachobaki ni oksijeni ya kawaida, ambayo mizizi inaihitaji. Hii ndiyo sifa inayoifanya ipendeze kuliko klorini, kwani haiachi chumvi wala harufu katika mboga. Christian Friedrich Schönbein aliitambua huko Basel mwaka 1839 kwa harufu yake, ambayo wengi wetu tunaijua kama ile harufu kali ya hewa baada ya radi, na mji wa Nice nchini Ufaransa umekuwa ukiitumia kusafisha maji ya kunywa tangu mwaka 1906. Kwa hiyo si uvumbuzi wa jana. Kilicho kipya ni mashine ndogo zinazomfikia mkulima wa kawaida.

Udhaifu wake ni kwamba haikawii. Katika maji safi yenye joto la nyuzi 20, ozoni iliyoyeyuka hupungua nusu kwa takriban dakika 20. Kwa nyuzi 25 hupungua nusu kwa dakika 15 hivi, na kwa nyuzi 30 ni dakika 12. Maji yakiwa na mabaki ya mizizi, vumbi la makumbi au mwani, huisha upesi zaidi kwa sababu inachoma kila inachokikuta kabla haijamfikia adui. Vilevile kadiri maji yanavyopata joto ndivyo yanavyokataa kuyeyusha ozoni. Vijitabu vinavyokuja na mashine nyingi vimeandikwa kwa wakulima wa nchi za baridi, na vipimo vyake havifai kunakiliwa hapa kama vilivyo.

Joto na chumvi, kabla ya kununua chochote

Maji ya nyuzi 20 yanaweza kubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita, na ya nyuzi 30 hubeba takriban 7.5 tu, tena kama yamepigwa hewa vizuri. Mizizi iliyokosa hewa ni milango iliyoachwa wazi. Kwa sababu hiyo kazi ya kwanza ni kuyapoza maji: lifukie tangi ardhini hadi shingoni, au lipake rangi nyeupe nje na ulijengee kibanda cha makuti, na mabomba ya kupandia yasilale juani bila kivuli. Tangi lililofukiwa chini ya makuti huweza kukaa chini ya nyuzi 27 hata Machi, ilhali tangi jeusi juu ya paa hupita 35 mchana. Mkulima ambaye hajafanya hili hana sababu ya kununua mashine, kwa maana atakuwa anatia ozoni katika maji yasiyoweza kuishika, kwa ajili ya mizizi ambayo hata bila pithiamu ingedhoofika.

Jambo la pili ni asili ya maji. Maji ya bomba la Malindi hutoka visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, na hutiwa klorini. Klorini na ozoni hulana zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo yaache maji hayo usiku mzima katika pipa lililo wazi, lililofunikwa kitambaa tu kuzuia wadudu, ndipo asubuhi uyatibu. Maji ya mvua ya masika yaliyovunwa kutoka bati safi ni bora kuliko yote, ila yachujwe.

Maji ya kisima yanahitaji tahadhari ambayo sijaona muuzaji yeyote wa mashine akiitaja. Visima vingi vya ukanda wetu vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe karibu na bahari, na maji ya bahari hupenyeza humo, hasa kisima kikivutwa sana wakati wa kiangazi. Wenzetu wa Lamu wanaotegemea maji matamu yaliyo chini ya matuta ya mchanga ya Shela wanayajua haya vizuri. Pamoja na chumvi ya mezani, maji ya bahari huja na bromidi, takriban miligramu 65 kwa kila lita. Kisima ambacho sehemu mbili tu katika mia za maji yake zimetoka baharini kitakuwa na zaidi ya miligramu moja ya bromidi kwa lita. Ozoni ikikutana na bromidi huigeuza kuwa asidi ya bromini, ambayo ni sumu kwa mizizi na haiishi upesi kama ozoni yenyewe, na sehemu nyingine hugeuka bromati, kitu ambacho Shirika la Afya Duniani limekiwekea kikomo cha mikrogramu 10 kwa lita katika maji ya kunywa kwa sababu ya shaka ya saratani. Ushauri wangu ni mmoja na hauna masharti: maji ya kisima yenye ladha ya chumvi yasitiwe ozoni. Tumia ya mvua au ya bomba, au utafute njia nyingine ya kuua vimelea, kama vile taa ya miale ya urujuanimno au kuyachuja polepole kwa mchanga.

Hesabu ya mashine

Hapa ndipo wengi hupotea, nami nilipotea, kwa hiyo nitaenda polepole.

Mashine ndogo zinazouzwa kwa ajili ya kuoshea mboga na matunda nyumbani huandikwa kuwa zinatoa miligramu 400 au 500 za ozoni kwa saa. Mkulima huwaza hivi: pipa langu ni la lita 200, nikiwasha mashine ya miligramu 400 kwa saa moja nitapata miligramu 2 kwa kila lita, na nikiwasha saa tano nitapata 10. Hesabu hiyo ina makosa mawili. Kwanza, viputo vikipanda kutoka chini ya pipa hadi juu, sehemu kubwa ya ozoni hutoka hewani bila kuyeyuka. Kwa pipa la kawaida na jiwe zuri la viputo, chukulia kwamba nusu tu imeingia majini. Pili, wakati unaendelea kuitia, iliyoingia inaendelea kuisha. Ni sawa na kujaza mtungi uliotoboka: maji hupanda hadi mahali ambapo kinachoingia ni sawa na kinachovuja, na baada ya hapo hayapandi tena hata ukishinda unajaza.

Kwa maji safi ya nyuzi 25, ambapo ozoni hupungua nusu kila dakika 15, mashine ya miligramu 400 katika lita 200 haitapita miligramu 0.4 kwa lita, iwe umeiwasha saa moja au kutwa nzima. Kiwango hicho ni kidogo mno. Lengo linalofaa kufanyiwa kazi ni miligramu 1 kwa lita, likidumu dakika 10 mfululizo. Pale unaposhuku fuzari (Fusarium), kuvu mwingine wa mizizi ambaye spora zake zina kuta nene, lengo lipandishwe hadi 1.5 na muda uwe dakika 15.

Basi mwenye mashine ndogo afanye nini? Apunguze maji. Mashine ile ile ya miligramu 400 ikipewa lita 50 badala ya 200 itafikisha miligramu 1 kwa lita kwa takriban nusu saa, na kikomo chake kitakuwa karibu 1.4. Anayetaka kutibu pipa zima la lita 200 kwa mkupuo atafute mashine ya gramu 2 kwa saa, ambayo itafikia lengo kwa chini ya dakika 20 kama maji ni safi. Kipimo hiki kinalingana na kile walichokipendekeza watafiti wa Uholanzi katika miaka ya 1990 kwa maji yaliyokwisha kupita kwenye mizizi, yaani gramu 10 kwa saa kwa kila mita moja ya ujazo, kwa muda wa saa moja. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000, kwa hiyo lita 200 ni gramu 2 kwa saa.

Makadirio haya ni ya kuchagulia mashine tu. Kinachoingia majini kweli hujulikana kwa kupima.

Kufunga vifaa

Chagua pipa refu na jembamba kuliko lililo pana na fupi, kwa kuwa kiputo kinachosafiri mita moja huacha ozoni nyingi kuliko kinachosafiri nusu mita. Liwe la plastiki ngumu au chuma cha pua, lenye kifuniko kinachobana. Mabati ya zinki huliwa, na mpira wa kawaida hukauka na kupasuka katika wiki chache, kwa hiyo mipira yote inayopita ozoni iwe ya silikoni nzito au ya tefloni, na viungo viwe vya chuma cha pua. Jiwe la viputo liwe la kauri lenye vitundu vidogo sana, liwekwe sakafuni kabisa. Mwenye pampu ya kuzungushia maji anaweza kutumia venturi, kile kiungo chenye koo jembamba ambacho maji yakipita kwa kasi hufyonza hewa. Huyeyusha ozoni vizuri kuliko jiwe na haizibwi upesi na chokaa ya maji yetu magumu, hivyo inafaa kwa anayekusudia kufanya kazi hii miaka mingi.

Hewa inayoingia kwenye mashine lazima iwe kavu. Unyevu wa pwani ni mwingi mwaka mzima, na hewa yenye unyevu ikipigwa umeme ndani ya mashine hutoa ozoni kidogo na hutengeneza asidi ya nitriki inayokula sehemu za ndani. Funga kichupa cha silika jeli kwenye mpira wa kuingizia hewa, ununue ile inayobadili rangi inaposhiba unyevu ili uweze kuikausha tena katika joko la moto mdogo kabla haijakusaliti. Wakati wa masika yangu huhitaji kukaushwa mara mbili kwa wiki. Mwenye uwezo wa kununua kifaa cha kukusanya oksijeni kutoka hewani atapata ozoni maradufu kwa mashine ile ile, lakini kwa shamba dogo sioni kuwa ni lazima.

Mashine itundikwe ukutani, juu ya usawa wa maji, na mpira wake uwe na valvu isiyoruhusu maji kurudi. Stima ikipotea ghafla, na kwetu hupotea, hewa husimama na maji hupanda kwenye mpira hadi ndani ya mashine yenye umeme mkali. Valvu peke yake huchakaa, ndiyo maana kimo cha mashine nacho kizingatiwe. Kwenye kifuniko cha pipa toboa tundu la mpira wa kutolea gesi isiyoyeyuka, na mpira huo upelekwe nje, juu ya vichwa vya watu, upande ambao upepo unakoelekea, mbali na madirisha ya nyumba yako na ya jirani. Kumbuka kwamba kaskazi na kusi hazielekei upande mmoja. Tundu lililokuwa salama Januari huenda likapuliza gesi sebuleni mwezi wa Julai.

Siku ya kutibu maji

Kazi hii ifanywe alfajiri, maji yanapokuwa yamepoa kuliko saa zote za siku. Chuja maji kwa kitambaa kizito au chujio laini hadi yawe maangavu. Kisha pima pH, yaani kiwango cha uchachu wa maji, kwa sababu maji yaliyopita katika mwamba wa chokaa huwa na pH karibu na 8, na katika kiwango hicho ozoni huvunjika kwa haraka. Yashushe hadi kati ya 5.5 na 6 kwa asidi ya fosforiki au ya nitriki ya mbolea, ukitia asidi ndani ya maji na kamwe usitie maji ndani ya asidi. Mboga nyingi za majani, letusi, spinachi, sukuma wiki na mchicha, zinapenda karibu pH hiyo hiyo, kwa hiyo hupotezi chochote.

Mbolea isitiwe bado. Ozoni huvunja kile kishikizo kinachoubeba chuma katika mbolea ya maji, chuma kikaanguka chini kama kutu, na manganizi hugeuka chembe nyeusi zisizoyeyuka. Kwa hiyo maji hutibiwa yakiwa matupu, na mbolea hufuata baadaye. Hili peke yake lingewaokoa wengi wanaolalamika kwamba tangu waanze kutumia ozoni majani machanga yamekuwa ya njano huku mishipa yake ikibaki kijani: mimea yao inalia chuma.

Washa mashine, funika pipa, na baada ya dakika 20 chota maji kwa ajili ya kupima. Kipimo bora ni kile cha rangi ya indigo, ambayo hufifia kwa kadiri ya ozoni iliyopo. Kama hukipati, vidonge vya kupimia klorini vinavyotumiwa na watunza mabwawa ya kuogelea ya hoteli, ambavyo hugeuza maji kuwa ya waridi, huitikia ozoni pia. Zidisha namba unayoisoma kwa 0.68 ili upate miligramu za ozoni kwa lita. Vidonge hivyo haviwezi kutofautisha ozoni na klorini, wala na bromini, na hiyo ni sababu nyingine ya kuanza na maji ambayo klorini yake imekwisha kutoka na yasiyo na chumvi. Pima papo hapo, kwani sampuli iliyoachwa juani dakika tano haikwambii ukweli. Ukifika miligramu 1, hesabu dakika 10 mashine ikiendelea kufanya kazi, kisha uizime.

Sasa yaache maji yapumzike saa moja na nusu huku pampu ya hewa ya kawaida ikiyavurugavuruga. Kwa joto la nyuzi 27 muda huo hupunguza ozoni nusu mara sita au zaidi, na kilichobaki hakiwezi kudhuru mzizi. Pima tena, rangi isipoonekana kabisa, tia mbolea, rekebisha pH mara ya mwisho, na uyapeleke maji tangini.

Nasisitiza mapumziko haya kwa sababu nilipoanza niliambiwa na aliyeniuzia mashine kwamba niutumbukize mpira moja kwa moja katika tangi ambamo mizizi ya letusi inaning'inia, na nikatii. Baada ya siku mbili ncha za mizizi zilikuwa zimekatika na kuwa butu kama zilizochomwa moto, na mimea mia tatu hivi ikadumaa. Mizizi iliyo uchi majini haina kinga dhidi ya ozoni. Hali ni tofauti kwa nyanya au pilipili zilizopandwa katika mifuko ya vumbi la makumbi au pumisi, yale mawe mepesi ya volkeno, na kunyweshwa kwa matone, kwa sababu ozoni huisha inapokutana na kitu kilichoushika mzizi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph huko Kanada walinywesha nyanya zilizopandwa katika sufu ya mawe maji yenye hadi miligramu 3 kwa lita kila siku bila kuona madhara. Hata hivyo vumbi la makumbi huila ozoni yote katika sentimita chache za juu, kwa hiyo anayenywesha namna hii anasafisha matone na vitundu vya mipira yake zaidi ya anavyosafisha mizizi.

Maji yanayorudi

Maji yaliyokwisha kupita kwenye mizizi ndiyo yenye spora, na ndiyo magumu kuyatibu, kwa kuwa yana mbolea ndani na uchafu wa mizizi. Usijaribu kuyatibu yote kwa siku moja. Kila alfajiri ondoa sehemu ya tano hivi ya maji ya tangi, yachuje, yashushe pH, uyatie ozoni kwa saa nzima badala ya dakika 30, yapumzishe, yachuje tena ili kuondoa kutu na chembe nyeusi, kisha uyarudishe. Katika maji haya usitegemee vidonge vya rangi peke yake, maana manganizi iliyochomwa na ozoni huleta rangi ile ile ya waridi na kukudanganya kwamba ozoni ipo. Kipima nguvu ya uoksidishaji, kinachosoma kwa milivolti, kinafaa zaidi, na kikisimama juu ya 700 kwa dakika kadhaa maji hayo yametibika vya kutosha.

Naitrati, potasiamu, kalisi na magnesi haziguswi na ozoni, kwa hiyo kipima chumvi za mbolea kitaonyesha namba ile ile kana kwamba hakuna kilichopungua. Usidanganyike nacho. Mimi huongeza nusu ya kipimo cha awali cha chuma na cha manganizi katika kila pipa lililotibiwa, kisha nayatazama majani machanga kwa wiki moja kabla ya kubadili kiasi.

Wanaotumia kuvu rafiki kama Trichoderma kulinda mizizi waelewe kwamba ozoni haichagui. Itamuua rafiki pamoja na adui. Kama unataka vyote viwili, rafiki atiwe tangini baada ya maji yaliyotibiwa kupumzika, na sehemu inayotolewa kila siku iwe ndogo ili wasimalizwe.

Usalama wa anayefanya kazi

Gesi ya ozoni huunguza mapafu. Kikomo kinachotumiwa Marekani kwa mfanyakazi wa saa nane ni sehemu 0.1 katika sehemu milioni moja za hewa, na sehemu 5 huhesabiwa kuwa hatari kwa uhai mara moja. Pua huinusa hata ikiwa chini ya kikomo hicho, lakini baada ya dakika chache huizoea na kuacha kukuonya, kwa hiyo kutoisikia harufu si ushahidi wa usalama. Ukiinusa ulipoingia bandani, zima mashine, toka, na urudi hewa ikishabadilika. Gesi hii ni nzito kuliko hewa na hutuama chini. Usiinamishe kichwa ndani ya pipa, na watoto wasichezee karibu yake. Mwenye pumu asiifanye kazi hii. Banda la kuta za wazi chini ya makuti ni bora kuliko chumba cha saruji, na mashine isiwashwe kamwe katika chumba anacholala mtu.

Kati ya mavuno na upandaji mpya

Mimea iliyokwisha kuoza mizizi ing'olewe pamoja na vikombe vyake, ichomwe au izikwe mbali na shamba, na isitupwe kando ya tangi. Ndani ya mabomba utakuta utando unaoteleza. Ozoni hula uso wa utando huo tu na kuviacha vimelea vya chini vikiwa salama, kwa hiyo brashi na sabuni vitangulie, maji yasuuze, na ndipo mabomba yaliyo tupu yazungushiwe maji ya ozoni yenye nguvu, miligramu 2 kwa lita au zaidi ukiweza, kwa nusu saa, gesi ikiachwa itoke nje. Huu ndio wakati pekee ambao maji ya ozoni yanaruhusiwa kupita kwenye mabomba bila kupumzishwa.

Chunguza pia milango ambayo ozoni haiilindi. Miche iliyoandaliwa katika udongo wa bustani huja na pithiamu miguuni mwake. Iandae katika vumbi la makumbi lililooshwa au pumisi safi. Tope la masika linalorushwa na matone ya mvua hadi kwenye mabomba yaliyo karibu na ardhi huleta ugonjwa, na vivyo hivyo viatu, mikono, na wale vijinzi weusi wanaozaliana katika mwani. Mabomba yainuliwe angalau hadi kiunoni, ardhi chini yake ifunikwe kokoto, na tangi lisiwe na tundu lolote linaloingiza mwanga, kwa kuwa penye mwanga mwani huota, na penye mwani vijinzi hawakosekani.